ANAYETUJAZIA RITANI ZA KODI, NANI AMFUNDISHA?



Kila mwaka mwezi wa Juni ukifika, watu wa tawi letu huonekana wamepanga foleni mlangoni mwa saiba kama watu wanaongoja unga. Kila mmoja ana karatasi yake ya P9 mkononi, imekunjwa mara nne. Ndani ameketi kijana mmoja na kompyuta moja. Juma la kwanza la mwezi anatoza shilingi 200 kwa kila kichwa. Tarehe 30, siku ya mwisho, bei imepanda mpaka 500, mtambo wa iTax unakwenda polepole kwa sababu nchi nzima imeukimbilia, na kijana hana hata nafasi ya kumtazama mtu usoni. Anauliza PIN, anauliza neno la siri, anabonyeza, anachapa risiti. Mwingine aingie.

Hapana mtu katika foleni hiyo anayeuliza swali hili: huyu kijana amejifunza wapi kazi hii, na mara ya mwisho kujifunza ilikuwa lini?

Mimi pia sikuuliza. Mwaka 2022 nilifanya kazi kwa mwajiri mmoja mpaka mwisho wa Juni, kisha nikapata kazi kwa mwingine kuanzia Julai. Mshahara haukubadilika. Mapato yangu ya kutozwa kodi yalikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na kila mwezi PAYE ilikatwa shilingi 4,383 na senti zake. Mwaka uliofuata nikapeleka P9 zangu mbili saiba. Kijana akachukua ile ya mwajiri mpya, akaijaza, na ile nyingine akanirudishia akisema ni ya zamani. Kompyuta ikafanya hesabu yake: mapato ya miezi sita, shilingi 240,000, yote yaangukia katika daraja la asilimia 10, na nafuu ya kila mtu ya shilingi 28,800 kwa mwaka yaimeza kodi hiyo yote. Basi pale chini ikaandikwa kwamba serikali inanirudishia karibu shilingi 26,300.

Ndugu zangu, nilifurahi sana. Nilimwongeza kijana shilingi 100 za chai. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama watoto kwamba tutanunua mabati.

Mabati hayakuja, ikaja barua. Mwajiri wa kwanza alikuwa amepeleka hesabu zake kama sheria inavyotaka, na jina langu lilikuwamo. Nikaulizwa mbona nimeficha mapato ya miezi sita. Sikuficha kitu, lakini ritani yaonyesha nimeficha, na ritani ni tamko langu mimi wala si la kijana. Tulipozijaza P9 zote mbili hesabu ilikaa sawa kabisa: kodi ya mwaka mzima ni shilingi 52,600, na waajiri wawili walikuwa wamekwisha ikata yote. Sikuwa na deni wala sikuwa na dai. Hata hivyo katika muda huo wote nilikosa cheti cha kuonyesha nimetimiza sheria ya kodi, na kazi niliyotaka kuomba katika ofisi ya umma ilikitaka cheti hicho. Siku ya mwisho ya kuomba ikapita.

Nilimrudia yule kijana. Sikwenda kugombana naye, nilitaka kujua tu. Akaniambia, "Mzee, pole sana. Mimi najaza vile nilivyoonyeshwa na yule aliyekuwa hapa mbele yangu." Na yule aliyekuwa mbele yake? Naye alionyeshwa na mwingine.

Sasa watu wengi wakisikia habari kama hii husema vijana wa saiba ni wezi. Mimi sikubali. Wezi wako, lakini wengi wao ni wafanya kazi kama sisi, tena hawana barua ya kazi, hawana likizo, wala hawana chama. Wanaokaa karibu nasi wakati ofisi zimefungwa ni wao. Mwenye leseni ya uwakala wa kodi, ambayo hutolewa na Kamishna chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, ana ofisi mjini na ana wateja wenye makampuni. Mpakiaji wa magunia hawezi kumlipa. Basi mpakiaji atakwenda saiba mwaka huu na mwaka ujao. Kumtukana kijana hakutamfundisha kitu.

Jambo ambalo wengi hatulifahamu ni kwamba kazi hii haifai kujifunzwa mara moja. Seremala akiisha jua kupiga randa, mbao haibadiliki. Sheria ya kodi hubadilika kila mwaka. Mswada wa Fedha huletwa Bungeni mwisho wa Aprili, na ukipita, sehemu kubwa huanza kazi tarehe 1 Julai, ndiyo kusema siku moja baada ya sisi kumaliza foleni yetu. Tena hauji kila mara kwa njia hiyo. Mwaka 2024 mswada ulikataliwa na wananchi barabarani, Rais akakataa kuutia sahihi mwezi wa Juni, na wengi wakadhani basi, mwaka huo hakuna mabadiliko. Kumbe Desemba ikatoka sheria nyingine ya kurekebisha sheria za kodi, ikaanza kazi tarehe 27 Desemba 2024, siku chache tu kabla ya mwaka kufungwa.

Na sheria hiyo ilimgusa mfanya kazi moja kwa moja. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo mbele yake yalimpa mtu nafuu ya asilimia 15 ya hicho alichokatwa, sasa yakawa yanatolewa katika mshahara kabla kodi haijahesabiwa. Makato ya afya, SHIF, asilimia 2.75, nayo yakatolewa hivyo hivyo. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 50,000. Nyumba anakatwa 750. Kwa hesabu ya kale nafuu yake ni shilingi 112.50. Kwa hesabu mpya, kwa kuwa shilingi zake za juu hutozwa asilimia 30, anaokoa 225. Ni tofauti ya shilingi 1,350 kwa mwaka, kwa kato moja tu. Aliyejaza ritani ya mwaka 2024 alikuwa na mwaka mmoja wenye sheria mbili ndani yake. Nawauliza, nani alimweleza kijana wa saiba habari hiyo? Alijisomea katika simu, mahali ambapo mswada uliokufa na sheria iliyo hai huandikwa kwa herufi zile zile.

Kuna lililoniuma zaidi. Mwenzetu mmoja, kibarua, alichukua PIN zamani kwa sababu alitakiwa afungue akaunti ya benki. Mshahara wake hufika shilingi 18,000 katika mwezi mzuri. Hakatwi PAYE hata senti, akaamini kwamba ritani hazimhusu. Zinamhusu. Mwenye PIN iliyo na wajibu wa kodi ya mapato lazima apeleke ritani hata kama kodi yake ni sifuri, na asipopeleka faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, lile lililo kubwa. Basi alikuwa na faini za miaka mitatu, za ritani za 2020, 2021 na 2022. Mwezi wa Machi 2025 mjazaji wake akamwambia alipe 6,000, na maskini akakopa akalipa. Lakini siku zile zile kulikuwa na msamaha! Sheria nyingine ya Desemba 2024 ilifungua msamaha wa faini na riba za nyuma mpaka mwisho wa mwaka 2023, nao ulikuwa wazi hadi tarehe 30 Juni 2025. Mtu asiyedaiwa kodi yenyewe, ila faini tu, hakuhitaji kulipa chochote. Mjazaji hakujua. Shilingi 6,000 ni theluthi ya mshahara wa mtu yule, zilikwenda kwa sababu ya mtu mmoja kukosa kusoma ukurasa mmoja.

Wako wengine ambao fedha yao hukaa huko bila wao kujua. Mwanachama anayelipia bima ya maisha au ya elimu ya watoto, iliyo ya miaka 10 au zaidi, ana haki ya nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, isipite shilingi 60,000 kwa mwaka. Anayelipa 3,000 kwa mwezi hupata 5,400 kwa mwaka. Mwanachama mwenye ulemavu, akiwa na cheti cha msamaha cha KRA, shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi kodi, na cheti hicho kina muda wake, kikipita lazima kifanywe upya. Kweli, tangu Sheria ya Fedha ya 2025 waajiri wamelazimishwa kuzipa nafuu hizi nafasi yake wanapokata PAYE, kuanzia Julai 2025. Lakini mwajiri hawezi kujua bima ambayo hukumpelekea karatasi yake. Na kwa miaka iliyopita njia bado iko: ritani inaweza kuombewa marekebisho ndani ya miaka mitano, na kodi iliyolipwa kupita kiasi inaweza kudaiwa ndani ya miaka mitano tangu ilipolipwa. Kwa hiyo wekeni P9 zenu. Msifungie karanga.

Nitaje na habari ya neno la siri, ingawa wengine watanicheka. Wajazaji wengi, kwa kutaka kazi iende upesi, huandikisha mteja kwa barua pepe ya saiba yenyewe. Mteja hana barua pepe, au anayo lakini haikumbuki. Basi kila taarifa ya KRA inayomhusu huenda kwa saiba. Saiba ikifungwa, au kijana akihama, mtu hawezi kubadilisha neno lake la siri, wala hajui ameandikiwa nini. Na barua nyingine zina siku zake. Ukiandikiwa kwamba unadaiwa kodi na hukubali, una siku 30 za kupeleka pingamizi. Pingamizi likikataliwa, una siku 30 nyingine za kwenda mbele ya Mahakama ya Rufani za Kodi. Siku hizo huhesabiwa hata kama barua inalala katika kompyuta ya kijana aliyekwisha hamia mji mwingine.

Wazee wetu walitozwa kodi ya kibanda tangu mwaka 1901, na mkusanyaji alikuja mwenyewe akahesabu mapaa. Siku hizi mtu hujihesabu mwenyewe, na akikosea ni yeye aliyekosea. Ndiyo maana elimu ya mtu anayemsaidia ni jambo la kazi, sawa na kofia ya chuma na viatu vya usalama.

Basi elimu yenyewe iko wapi? Iko, tena nyingine ni bure. KRA huwa na madarasa ya walipa kodi, na katika vituo vya Huduma kuna meza yake ambapo mtu husaidiwa bila kulipa. KRA pia ina chuo chake, KESRA, kinachofundisha mambo ya kodi na forodha. Mwenye nia ya kwenda mbali aweza kufanya mitihani ya uhasibu ya KASNEB. Na tazameni wahasibu wenyewe: akiisha kuwa mwanachama wa ICPAK, mhasibu haachwi akae juu ya cheti chake mpaka uzee. Kila mwaka lazima aonyeshe kwamba ameendelea kusoma. Mtu aliyefaulu mitihani mikubwa analazimishwa kusoma kila mwaka, na kijana wa saiba ambaye hakufanya hata mtihani mmoja halazimishwi na yeyote. Watu wa hesabu kubwa wanalindwa mara mbili, sisi hata mara moja hapana.

Shida hii si ya Kenya peke yake. Kule Marekani wako wajazaji wa kujitegemea wengi sana, na kwa sehemu kubwa ya nchi mtu yeyote aweza kufungua meza akajaza ritani za watu. Idara yao ya kodi, IRS, ilitaka kuwalazimisha wote wafanye mtihani na wasome kila mwaka. Mwaka 2013 mahakama ikasema idara haina mamlaka hayo. Basi toka 2014 wakafanya mpango wa hiari: mjazaji anayesoma saa 18 kwa mwaka, kwa kawaida, na kufaulu jaribio kuhusu sheria mpya, jina lake huwekwa katika orodha ambayo kila raia aweza kuitazama. Asiyesoma hakatazwi kazi, lakini jina lake halimo. Tena kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwa na mpango uitwao VITA, ambapo watu wa kujitolea huwajazia ritani bure wenzao wa kipato kidogo. Hapana anayegusa fomu ya mtu kabla hajafaulu mtihani, na mtihani hurudiwa kila mwaka, hata kwa aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini.

Mimi nauliza, kuna nini hapo ambacho chama chetu hakiwezi?

Nimelileta jambo hili katika mkutano wa tawi, na majibu niliyopata ni haya. Mmoja alisema kodi ni kazi ya serikali, chama ni cha mishahara. Nikamwambia mshahara ni kile kinachofika nyumbani, na mwaka huo kwake zilipungua 5,400 za bima. Mwingine, tena huyu ni mtu wa busara, alisema tukianza kujaza ritani tutaingia katika kazi ya mawakala wenye leseni, na sheria itatushika. Hilo ni kweli na tulitazame vizuri. Msaidizi wa chama asishike neno la siri la mtu, asitoze ada, wala asijifanye wakala. Ataketi kando ya mwanachama, na mwanachama atabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe. Na jambo likifika kwenye pingamizi, hapo chama kimtafutie mtu wa leseni na tuchange gharama, kwa maana kesi kama hizo ni chache.

Nataka kila tawi lichague watu wawili, na wasiwe viongozi. Viongozi wana mikutano ya kutosha. Wawe makarani au watu wa stoo, watu wanaopenda tarakimu. Hawa wapelekwe kusoma kila mwaka mara mbili: mara moja mwezi wa Machi, P9 zikiisha kutoka, na mara ya pili mwezi wa Julai, sheria mpya ikiisha kuanza. Kwa somo refu tunacho Chuo cha Kazi cha Tom Mboya kule Kisumu, ambacho ni mali ya vyama vyetu chini ya COTU. Napendekeza kodi ya mfanya kazi ipewe siku mbili nzima huko kila mwaka, na mwalimu aombwe kutoka KRA. Gharama ni nauli, chakula na malazi ya watu wawili.

La pili litawashangaza wengine. Nataka vijana wa saiba wa karibu nasi waalikwe katika darasa hilo, bure. Atakayesoma na kujibu maswali vizuri, jina la saiba yake libandikwe katika ubao wa tawi kwa mwaka huo mmoja tu. Mwaka ukigeuka, asiporudi darasani, jina linatoka. Nimezungumza na watatu. Wote walikubali mara moja, na mmoja aliniuliza kama anaweza kuja na daftari lenye maswali yake, kwa maana ana maswali ya miaka minne na hakuwahi kuwa na mtu wa kumwuliza.

Katibu wa tawi amekubali kutupa chumba Jumamosi mbili za Machi, saa nane mchana. Njooni na P9 zenu zote, hata za mwajiri wa zamani, na simu yenye barua pepe yenu wenyewe. Mwenye bima aje na cheti cha bima. Wanaotaka kuchaguliwa kuwa wasaidizi wampe Katibu majina kabla ya mwisho wa mwezi huu. Viti ni thelathini, na vile vitatu vya mbele nimekwisha viwekea vijana wa saiba.